Siku Uliyosahau Kiyao

Dada Zainabu,

Shikamoo. Naiandika kwa sababu wewe ni mkubwa wangu na mama alitulea hivyo. Usidhani ni heshima. Heshima yangu kwako iliishia kwenye benchi la hospitali hapa Songea, na leo nitakueleza ilivyoishia, maana nasikia unawaambia watu kwamba hujui nimekasirikia nini.

Salamu zako zilifika. Yule dereva wa lori la mbolea uliyempa maneno huko Mbeya alinikuta ghalani, robota la tumbaku likiwa mgongoni kwangu, akasema kwa sauti mbele ya vibarua wote, "Saidi, dada yako anasema uache kumtangaza. Kila mtu wa Tunduru anayepita kwenye zahanati yake anamtazama kama mwizi." Wenzangu wakacheka. Mmoja akauliza, "Kumbe una dada nesi? Mbona unakohoa hapa kama mashine ya kusaga?" Nikatua robota, nikamwambia dereva sina majibu ya mdomo, asubiri niandike.

Mwandiko wangu unaujua, ulikuwa unaucheka tangu tukiwa Namasakata. Niliishia darasa la nne, na sababu ya kuishia pale unaijua pia. Soma polepole, na usome peke yako. Kuna mambo humu ambayo mtoto wa kiume hapaswi kuyaandika juu ya mama yake. Nimeyaandika kwa sababu yako.

Nianze mbali kidogo, usije ukasema nimesahau. Mama yako mzazi alipofariki, mama yangu alikwenda kukuchukua kwa miguu, na wakati wa kurudi ulichoka, akakubeba mgongoni ingawa ulikuwa mkubwa wa kutembea. Alikuwa mama yako mkubwa, na kwetu mama mkubwa ni mama, hakuna neno lingine. Mimi nakumbuka tu kwamba siku ile mkeka wangu ulipewa wewe. Tangu hapo tulikula sahani moja. Tuliokota korosho pamoja, tukanuka mabibo pamoja mpaka mwalimu akatuhamishia wote wawili karibu na dirisha.

Unalikumbuka jipu? Lilikuota pajani wakati wa mvua, ukawa huwezi kukanyaga. Mama alikubeba mpaka zahanati, mimi nikawafuata na chupa ya uji. Nesi wa pale alikuwa mama wa makamo, Mmakua nadhani, lakini Kiyao alikisema vizuri kuliko sisi. Alimwambia mama, "Keti kwanza, dada. Umetembea. Pumua, halafu nieleze." Kisha akakugeukia akakuuliza jipu lako linaitwa nani. Ulikuwa unalia, lakini ukajibu kwamba linaitwa Mwalimu Mkuu. Nesi alicheka mpaka akaweka mkasi chini.

Tuliporudi ulijifunga kitambaa cheupe kichwani, ukaanza kuwadunga kuku wa mama kwa mwiba. Ulikuwa ukisema, "Pole mgonjwa, haiumi, haiumi." Wawili walikufa. Mama alikukimbiza kwa mwiko kuizunguka nyumba, na alipokukamata akashindwa kukupiga kwa kicheko. Siku hiyo alisema huyu atakuwa nesi, na hakusema kwa mzaha. Ulipofika wakati wa kuchagua nani aendelee na shule na nani akafukuze nguruwe pori shambani, mjomba alisema mtoto wa kiume ndiye asome. Mama hakuwahi kumpinga kaka yake hata siku moja. Siku ile alimpinga. "Huyu msichana nimeshaiona kazi yake," alisema. Basi mimi nikashika fimbo nikaenda shambani. Sikulalamika wakati ule na silalamiki sasa. Nakukumbusha tu kwamba ile gauni nyeupe uliyovaa pale hospitalini ilishonwa na watu.

Sasa hospitali.

Nilikuwa na msimu wa tatu hapa ghalani nilipopata barua kwamba mama anadhoofika na zahanati ya kule haina dawa, imebaki na mlinzi na mzani. Niliandika waniletee mama Songea haraka, Zainabu yuko hospitali kubwa. Nilijivuna, dada. Niliwaambia vibarua wenzangu, "Mimi foleni siijui, dada yangu yuko ndani kule." Mama alisafiri siku tatu juu ya magunia ya korosho. Kabla ya Namtumbo lori lilizama kwenye matope, abiria wakaambiwa washuke wasukume, naye akashuka akasukuma, mgonjwa vile vile. Alikuwa amekuletea ming'oko, vile viazi vya porini vya kwetu, kwenye kikapu. Alisema mjini huipati.

Asubuhi tulikwenda. Mimi nilikuwa na ovaroli yangu ya kazi kwa sababu nilipewa ruhusa mpaka saa sita tu. Mama alijifunga kanga mbili zilizofifia, miguu mitupu, hirizi mkononi, na mwili wake ulinuka moshi wa jikoni kama wa mama yeyote wa kwetu. Kwenye dirisha la kadi karani aliuliza jina, umri, dini, kabila, anakotoka. Nikasema Namasakata. Akaacha kuandika akanitazama. "Hiyo nayo iko Tanzania?" Waliokuwa nyuma yangu wakacheka, nami nikacheka. Nilishajifunza kwamba ukicheka pamoja na wanaokucheka unapewa kadi mapema.

Tukakaa kwenye benchi. Tulikuwa watu kama ishirini na kila mmoja alijua aliyemtangulia. Akaja mke wa mwenye duka la vipuri, viatu vyake vinagonga sakafu. Yule nesi mwenzako mwembamba, sista Fidea, akainuka mwenyewe kwenye kiti. "Karibu mama! Habari za nyumbani? Watoto hawajambo? Pita, pita huku ndani." Akapita. Benchi zima tukatazama sakafu. Mama akaniuliza kwa Kiyao, "Yule anaumwa sana kuliko sisi?" Nikamjibu ndiyo. Nilimdanganya mama mgonjwa ili asijue ametukanwa.

Kisha ukatokea wewe na sinia la vyuma. Mama akainuka. Nami nikainuka, uso wangu wote meno. Macho yako yalitupita kama mtu anavyopita kwenye mlango wa nyumba isiyo yake. Sista Fidea akaita, "Jeni, niletee lile faili," ukageuka. Nikadhani nimekosea mtu. Mama hakukosea. Aliketi taratibu, akaweka kikapu chini ya benchi, akafunika ming'oko kwa upande wa kanga.

Jina ulilojipa sikuulizi. Hata ungekuwa umebadili dini nisingekuuliza, hayo ni yako na Mungu wako. Nazungumzia kilichotokea ndani ya chumba cha daktari, maana wewe ulikuwemo, umesimama kando ya kabati, na leo unajifanya hukuwepo.

Daktari alikuwa kijana. Simlaumu sana. Aliuliza, "Bibi anaumwa nini?" Mama akanitazama mimi, kisha akatazama chini, akasema kwa Kiyao kwamba ni tumbo.

"Tumbo, daktari," nikasema.

"La juu au la chini? Lilianza lini? Anaharisha? Anatokwa na kitu chochote?"

Hilo la mwisho sikumfikishia mama. Wewe unajua kwa nini. Tangu nilipotoka jando sijaingia anapolala mama, sijakalia kitanda chake. Mambo ya mwili wake hayatoki mdomoni mwake yakaingia masikioni mwangu. Kama ningemuuliza neno lile mbele ya watu wale, angeona mwanawe mwenyewe amemvua kanga. Nikamuuliza kama anaharisha. Akasema hapana. Nikamwambia daktari, "Ni tumbo tu."

"Tumbo, tumbo," sista Fidea akasema huku anapanga makaratasi. "Hawa wa korosho wote ni tumbo. Waulize wamekula nini, watakuficha. Ni hao panya wanaowala." Akamtazama mama mkononi. "Na hiyo hirizi, bibi, imeshindwa kazi ndiyo ukatukumbuka sisi?"

Ukacheka. Ulicheka kidogo, kwa pua, usidhani sikusikia. Kicheko kile nakifahamu, ndicho ulichokuwa ukiuchekea mwandiko wangu.

Daktari hakucheka. Alikutazama akasema, "Sista Jeni, wewe si wa upande wa kule? Hebu mchukue pembeni umuulize kwa lugha yao."

Zainabu, hapo ndipo palipokuwa na kila kitu. Pazia lilikuwepo, nyuma yake kitanda. Ungemshika mama mkono, ukampitisha nyuma ya pazia, mimi ningetoka nje bila kuambiwa. Maneno mawili ya Kiyao, mwanamke kwa mwanamke, mtoto kwa mama yake. Angekueleza yote. Alikuwa amesafiri siku tatu ili akueleze wewe, si daktari.

Ukasema, "Hapana, daktari. Mimi nimekulia hapa hapa mjini. Kiyao nasikia kidogo tu, siwezi kukisema."

Hukuinua hata uso. Mkono wako uliendelea kukunja pamba.

Mama Kiswahili chake ni cha salamu na cha sokoni, lakini hicho alikielewa. Akaniinamia akasema kwa Kiyao, taratibu, na najua ulisikia kwa sababu mkono wako ulisimama: "Usimwite jina. Yuko kazini."

Daktari akaandika dawa ya minyoo na ya maumivu. Sista Fidea akatuonyesha mlango kwa kidevu. Dawa yenyewe hospitali haikuwa nayo, tukatumwa duka la dawa ng'ambo ya barabara, moja ya hayo yaliyochipuka siku hizi tangu kila mtu aruhusiwe kufungua lake. Kikapu mama alikiacha pale pale chini ya benchi. Nilipotaka kukichukua alinizuia. "Muachie, atakiona." Sijui kama uliila ile ming'oko au ulimpa mfagiaji.

Nimesikia unavyojitetea. Mtu wa Nakapanya aliyekutembelea aliniletea maneno yako yote. Unasema sisi hatujui shida za manesi. Mshahara unachelewa, glavu hakuna, wagonjwa wanakuja wamechelewa wakishindwa na dawa za kienyeji, kisha lawama zote kwenu. Unasema pia kwamba ukijulikana wa Tunduru wenzako wanakudharau, wanakupangia zamu mbaya, wanakuita mla panya hadi kwenye chai. Nayaamini hayo yote. Mimi nami mshahara wangu unachelewa, lakini sijawahi kulitukana robota. Na mimi huitwa mla panya hapa ghalani kila siku, na Wangoni, na Wamatengo, na mtu mmoja kutoka Njombe ambaye hata hajui Tunduru iko upande gani. Nawajibu, tunataniana, tunabeba mzigo pamoja. Sijamkana mama ili wanipende.

Nikueleze jambo nililojifunza baadaye, labda wewe ulilijua zamani. Mwaka jana ndoano ya kuvutia marobota ilinichana kiganja. Nilikwenda hospitali ile ile na ovaroli, damu inachuruzika. Nesi, si Fidea, mwingine, alinifokea kwamba nachafua sakafu, akaniacha nimesimama mpaka damu ikaganda, ndipo nikashonwa. "Mmelewa mnapigana huko, mnatuletea sisi." Sinywi pombe, unajua. Nilipoitwa kuja kufungua nyuzi nikaazima shati la karani wa ghala, na viatu vyake, na kalamu mbili nikazichomeka mfukoni. Nesi yule yule, dada. Yule yule! "Karibu kaka, kaa hapa. Pole sana. Unafanya kazi ofisi gani?" Kiganja ni kile kile kilichonuka tumbaku. Nilikaa kwenye kile kiti nikamkumbuka mama, nikaona upumbavu wangu. Ningemwazimia mama viatu. Ningemvua hirizi mlangoni, ningemfunga kanga mpya ya mke wa jirani, ningesema mimi ni karani. Pengine wangempitisha nyuma ya pazia bila wewe. Mtu anapougua inambidi kwanza avae kama mtu ambaye hawezi kufukuzwa.

Lakini viatu vya kuazima havihusiani na wewe. Wewe mama ulimjua bila viatu.

Sasa nifike kwenye Jumapili, kwa sababu nimeahidi kumaliza na sitaki uniambie nimeficha upande wangu.

Jumapili iliyofuata siku ile ya hospitali ulikuja chumbani kwangu kule mtaani Lizaboni. Ulikuja bila gauni nyeupe, umejitanda kanga mpaka kwenye macho, na kilo ya sukari na mche wa sabuni. Kiyao kilikurudi chote mara moja. Ulimpigia mama magoti, ukamuuliza habari za shamba, habari za mjomba, habari za kuku. Mama alikushika mkono akakuita mwanangu, kana kwamba mara ya mwisho kukuona ilikuwa kule nyumbani. Mimi nilikuwa nimekaa mlangoni juu ya ndoo niliyoifudikiza.

Mama akaniambia, "Saidi, kalete maji." Nikasema maji yapo, mtungi umejaa. Akasema, "Nenda basi ukaangalie kama yule wa mkaa amepita." Nikasema mkaa upo. Akanitazama. Mara ya tatu akasema, "Nenda ukamsalimie jirani, mwanangu, ana mgeni." Nikasema nimeshamsalimia.

Nilijua. Sikuwa mtoto. Nilijua ananiomba nini, na kwa adabu ile aliyonilea nayo nilitakiwa niinuke kabla hajasema mara ya kwanza. Sikuinuka. Nilitaka uaibike mbele yangu. Nilitaka nisikie uongo utakaomwambia, nikuone unavyohangaika macho, na nilifurahi kila ulipoitazama saa yako. Kila nilipokataa kutoka nilijiona nakuadhibu. Na wewe, mkubwa wangu, ungeweza kuniambia "Toka nje" nami ningetoka, maana bado wewe ni dada. Hukusema. Uliniogopa. Ukasema, "Dawa zikiisha mje tena," ukainuka.

Mama alikusindikiza mpaka mlangoni. Nilihamisha ndoo mkapita. Hatua mbili tu nje, mkiwa wawili, mimi nikawafuata. Mpaka leo miguu yangu hiyo naichukia.

Alimaliza vidonge vya minyoo vyote, hakuacha hata kimoja, kwa sababu vilitoka hospitali ya Zainabu. Baada ya wiki mbili akasema amepona, akarudi Namasakata. Mimi nikarudi kwenye marobota, na nikaanza kukutangaza. Kwa kila mtu wa kwetu aliyepita Songea nilisema yale ya hospitalini. Ya Jumapili sikumwambia mtu yeyote. Wewe ndiye wa kwanza.

Nilisikia baadaye kwamba uliacha serikali ukaenda Mbeya kwenye zahanati ya mtu binafsi, na kwamba huko wateja mnawaita kwa majina na mnawapa kiti. Sawa. Sisi hatukuwa wateja.

Sasa kilichotokea. Mama aliendelea kuficha. Alikuwa akijifulia mwenyewe, anakwenda mtoni kabla ya wengine. Mama mdogo Fatu ndiye aliyegundua, si kwa kuambiwa. Akampeleka Nakapanya, kuna mkunga mzee pale aliyestaafu lakini watu bado wanamfuata nyumbani. Yule mama aliwatoa watu wote nje, hadi wajukuu zake, hadi kuku. Akafunga mlango akakaa naye chini kwenye mkeka. Alichukua mchana mzima. Mama alimweleza yote, tangu ilipoanza, na ilikuwa imeanza kabla hajaja Songea. Mkunga akaandika barua, wakampeleka hospitali nyingine, daktari wa huko akasoma, akapima, akasema mngemleta mapema. Ni kizazi. Ugonjwa umeshasambaa. Jina la ugonjwa mjomba hakuniambia, alizunguka maneno kama inavyompasa, na mimi sikuuliza. Wewe ni nesi, umeshalijua tangu mstari wa juu.

Wamemrudisha nyumbani. Hapo ndipo tulipo leo.

Mjomba ameniletea ujumbe kwa mnunuzi wa korosho. Mama hawezi tena kuinuka. Anahitaji kugeuzwa, kuoshwa, kubadilishwa nguo. Mama mdogo Fatu macho yamekwisha na mikono haina nguvu. Majirani wamejitolea, wanawake wazuri tu, mama amewakataa. Hataki mtu wa nje aone alivyo, wala asikie harufu. Kwangu mimi haiwezekani, hilo halizungumzwi. Amesema, "Mwiteni Zainabu. Ndiye anayeijua kazi hii." Mjomba akamjibu kwamba wewe uko mbali na una mambo yako. Unajua alisema nini? Alisema hujaja kwa sababu hospitali haijakupa ruhusa, wagonjwa ni wengi. Kila mgeni anayekuja kumwangalia anaambiwa hivyo. Anakutetea akiwa amelala chali.

Ningekuwa na dada mwingine nisingekuandikia. Nataka ulielewe hilo. Sikukuandikia ili tupatane. Nikiwaza kile kicheko cha pua nahisi ningeweza kukurushia hii kalamu. Ungeniomba msamaha leo nisingejua niuweke wapi, na wa kwangu sikuombi wewe, namwomba yeye, na hata huo sijui nitauombaje, maana siwezi kumwambia ni wa nini bila kumtia aibu ile ile.

Msimamizi amesema nikiondoka msimu huu nisirudi. Pale getini kila asubuhi wanasimama watu hamsini wanaotaka nafasi yangu, wengine walipunguzwa kazi viwandani na wana vyeti. Nimemwambia sawa. Naondoka Alhamisi.

Wewe usisubiri ruhusa. Waambie unakwenda kumuuguza mama yako, useme neno hilo hilo, mama yako, na wakikuuliza wapi, useme Namasakata. Wakikuuliza iko wapi, waonyeshe. Uje na glavu kama zipo, na pamba, na dawa ya maumivu ile kali ambayo sisi tukiomba tunaambiwa hakuna. Ukipita Songea usinitafute, nitakuwa nimetangulia. Njia ni mbaya kupita siku ile, vaa viatu vya kukanyagia matope.

Pale nyumbani hakuna atakayekuita Jeni na hakuna atakayekuuliza kitu. Mjomba nimemwomba. Hata mimi, ya hospitalini sitayarudia kwa mtu tena, si kwa ajili yako, ni kwamba yule anayekutetea atakuwa chumba cha pili na atasikia.

Sina la kukutakia. Njoo kabla hajaacha kukuita. Ukifika utaniona nimekaa kwenye kizingiti chake, na sitakusalimia. Wewe ingia tu. Mimi nitainuka na kutoka nje, na safari hii nitakwenda mbali.

Mdogo wako uliyemkuta kwenye mkeka,
Saidi